Sauti ya Namba Saba

Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilikuwa chini kabisa ya mkoba, na huko jina hilo liliishi kwa amani bila kusumbuliwa na mtu. Watu walimwita Bi Shikilia. Alikuwa mpokea simu wa Idara ya Maji, na neno hilo alilisema kutwa nzima: "Shikilia, nakuunganisha."

Hakuna anayepiga simu Idara ya Maji kusalimia. Mtu anapiga kwa sababu bomba limekauka, au kwa sababu bomba limepasuka, na katika hali zote mbili mhandisi anakuwa kikaoni. Kati ya mwenye hasira na mhandisi alikuwepo Bi Shikilia peke yake, na sauti yake. Ilikuwa sauti ya chini kidogo, isiyo na haraka, sauti ya mtu ambaye ameshakutafutia kiti na anakungoja ukae. Wapo waliopiga wakiwa wamefura, wakamaliza kwa kusema asante, na maji hayakuwa yametoka.

Macho yalimuaga akiwa msichana. Presha ya macho, alisema daktari, akaongeza kwamba angekuja mapema, kama madaktari wanavyopenda kuwaambia watu waliokwisha kuchelewa. Yalianza kupotea pembeni, yakaenda yakiliwa kuelekea katikati, mpaka ukabaki mwanga mtupu usio na vitu ndani yake. Kwa lugha ya vikao Bi Shikilia alikuwa "mtu mwenye ulemavu wa kuona". Kwa lugha ya kituo cha basi alikuwa "yule mama asiyeona". Yeye mwenyewe alisema, "Mimi kipofu, msijichoshe."

Aliishi na mdogo wake wa kiume, mhasibu wa ghala la saruji, pamoja na mke wa huyo mdogo. Nyumba yao ilikuwa kando ya barabara ya mabasi, na kituo kilikuwa hatua chache tu kutoka kwenye geti. Mhasibu alimpenda dada yake kama watu wanavyopenda glasi za wageni, yaani kwa kuzifungia kabatini. Tena alikuwa na sababu. Mwaka mmoja wezi wa vyuma waliiba mfuniko wa mtaro, Bi Shikilia akatumbukia, akavunjika kifundo cha mkono. Alirudi kazini na bandeji ngumu, akawa anapokea simu kwa mkono wa kushoto. Yeye alitoka mtaroni siku ileile. Mdogo wake hajatoka mpaka leo.

"Dada, acha kazi," alikuwa akimwambia. "Hapa tunakula, tunalala. Unatafuta nini huko?"

"Natafuta watu wa kuwaambia washikilie."

"Mimi siwezi kukupeleka. Ghala liko upande mwingine kabisa, na nafungua mimi."

"Nimekuomba unipeleke?"

Hapo mke wa Mhasibu alikuwa akiingilia kati. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mwepesi, na utani na wifi yake aliuona kuwa haki yake ya ndoa. "Mwache wifi aende zake. Akibaki hapa atanisikia nikionja mboga."

"Nakusikia hata nikiwa kazini," alijibu Bi Shikilia.

Basi alikwenda. Miaka yote ile alikwenda kwa njia moja tu, kuuliza. "Namba ngapi hii, jamani?" Ukiuliza watu kila siku unawajua watu. Kuna wanaopaza sauti, kana kwamba upofu unaingilia masikioni. Kuna wanaomshika mkono mtu na kumvusha barabara ambayo hakuwa na shida nayo, kisha wakaondoka wakiwa wamefurahi, naye akabaki ng'ambo akitafuta namna ya kurudi. Wapo pia wanaosema, "Si hiyo pale!" huku wakionyesha kwa kidole. Lakini ukikusanya wote pamoja, wapiga kelele, wavushaji na waonyesha vidole, siku zote walimfikisha Idara ya Maji.

Halafu Shirika la Mabasi likapata mradi.

Mradi wenyewe haukuwa mbaya. Kila asiyeona alipewa kidude chenye ukubwa wa kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Ukiwa kituoni ukakibonyeza, sanduku lililofungwa juu ya mlango wa basi lililo karibu linasema namba yake na njia yake. Ukishapanda, dereva akikaribia kila kituo anabonyeza swichi, na sanduku linataja kituo kinachofuata. Kila sanduku lilijazwa njia ya basi lake, mwanzo hadi mwisho, kama mtoto aliyefundishwa shairi moja tu.

Ilitakiwa sauti. Mkurugenzi wa Shirika, ambaye kwake maji yalikuwa yamekatika siku nyingi, alikumbuka kwamba mahali fulani mjini kulikuwa na mwanamke aliyewahi kumweka kwenye simu muda mrefu bila kumkasirisha. Bi Shikilia akaitwa. Walimwingiza kwenye chumba kilichozungushiwa magodoro ukutani, wakamsomea vituo vyote vya mji, naye akavirudia kimoja kimoja. Walipofika kwenye maneno "Mlango unafungwa", yeye akaongeza, "Shikilia."

"Hilo halimo kwenye karatasi, mama," alisema afisa wa mradi.

"Mlango ukifungwa basi linaondoka. Mtu asiposhikilia ataanguka."

Afisa aliusikiliza mkanda mara ya pili, akaliacha neno.

Siku ya uzinduzi zilitolewa hotuba. Wasioona waliketishwa mbele, wakielekea jua, kwa kuwa mtu alidhani haliwasumbui. Kesho yake asubuhi Bi Shikilia alisimama kituoni na fimbo yake nyeupe, akasikia injini nzito inakuja, akabonyeza. Sauti yake mwenyewe ikamwambia: "Namba saba. Soko, Zahanati, Posta, Mahakama, Idara ya Maji. Karibu."

"Asante," alijibu, kwa mazoea ya kazi.

Jioni hiyo mezani alikuwa mtu mwingine. Hakuna aliyekuwa amemwona amelewa, kwa hiyo hawakuwa na la kulinganisha. Aliwasimulia jinsi alivyopanda bila kumuuliza mtu, akashuka bila kumuuliza mtu, na jinsi mlinzi wa getini alivyomwambia, "Leo umewahi, Bi Shikilia." Mhasibu alimaliza kutafuna. Halafu akasema mashine huharibika.

"Hiyo mashine ni mimi," alisema Bi Shikilia. "Sasa nisikilizeni nyote wawili. Siku nikipotea mara moja, moja tu, fimbo hii mtaitundika ukutani. Sitoki tena peke yangu. Nitakaa hapa nichambue mchele mpaka nife."

"Umesema mwenyewe," alisema Mhasibu.

"Nimesema."

"Mimi shahidi," alisema mke wake. "Na mchele ninao."

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Bi Shikilia alikuwa amejikwaa madole yote kumi kwa nyakati mbalimbali na akapona, kwa hiyo methali hiyo aliiona inawahusu wengine.

Kuna jambo hakuliona mapema, na hapa neno kuona silitumii kwa mzaha. Kituo kilinyamaza. Wale waliokuwa wakimpazia sauti waliacha. Wavushaji waliacha kumvusha. Mgeni akitaka kumsaidia aliambiwa, "Mwache, ana mashine yake." Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama mtu anavyosema, "Mwache, mumewe anakuja." Bi Shikilia alifurahia kimya kile. Aliona hatimaye amekuwa abiria kama abiria wengine, ambao hakuna anayewajali.

Ikapita miezi. Mradi ukaisha, kama miradi inavyoisha, kwa picha ya pamoja. Kisha ikaja asubuhi yenyewe, isiyo na dalili yoyote. Alikunywa chai, akataniwa na wifi yake kuhusu viatu, akatoka. Kituo kilikuwa kimejaa watu. Injini nzito ikaja, akabonyeza kidude.

"Namba saba. Soko, Zahanati, Posta, Mahakama, Idara ya Maji. Karibu."

Kwenye kioo cha mbele cha basi hilo paliandikwa kumi na tisa, kwa rangi nyekundu, kwa tarakimu ambazo mtu angeweza kuzisoma akiwa ng'ambo ya pili ya barabara. Kumi na tisa ni basi la machimbo ya kokoto. Kituo kizima kiliisoma, na kituo kizima kilimwona mama yule akipanda. Kila mmoja alidhani leo ana safari ya huko. Ana mashine yake.

"Mlango unafungwa," alisikia sauti yake. "Shikilia." Akashikilia.

Mwili ulijua kwanza. Kabla ya Soko basi hulala upande wa kulia kwenye mzunguko. Asubuhi hiyo lililala kushoto. Harufu ya samaki wabichi ambayo kwa kawaida huingia dirishani bila nauli haikuingia. "Soko," ilisema sauti. Bi Shikilia alijiambia kwamba barabara imefungwa, wamezunguka.

"Zahanati," ilisema sauti.

"Haya, wagonjwa mteremke!" alipiga kelele mwanamume mmoja kiti cha nyuma, na basi zima likacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha watu waliouzoea mzaha huo na hawajauchoka. Bi Shikilia alitabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayesikia watu wakicheka kwa lugha asiyoijua.

"Posta."

"Nani ana barua? Lete barua!" Wakacheka tena.

Hapo lami iliisha. Magurudumu yakaanza kutafuna changarawe, na vumbi likaingia. Barabara ya Posta ina lami tangu watu wazima wa leo hawajazaliwa. Bi Shikilia akajiambia kwamba wanaikarabati.

Msomaji mwenye macho atasema, si angeuliza? Miaka yote aliuliza. Lakini angeuliza nini? Angeweza kumshuku dereva, barabara, hata pua yake, kwa kuwa pua huwa na mafua. Lakini sauti iliyosema Posta ilikuwa yake. Aliitambua mpaka pumzi, mpaka pale alipomeza mate kabla ya neno "Mahakama" kwa sababu chumba cha magodoro kilikuwa na joto. Kumuuliza jirani kama huyu anayesema ni mkweli ilikuwa ni kumuuliza jirani kama yeye mwenyewe ni mwongo. Hilo hakuna anayelifanya kwenye basi, saa ya kwenda kazini.

"Idara ya Maji," ilisema sauti, bila wasiwasi wowote.

Akanyanyuka. Kondakta alimsogelea. "Mama, unashuka hapa?"

"Nashuka hapa. Nafanya kazi hapa."

"Hapa?"

"Miaka mingi, mwanangu."

Kondakta alikuwa kijana wa heshima, aliyefundwa kutoingilia mambo ya wakubwa. "Haya, kazi njema, mama," alisema, akamshika mkono mpaka chini. Mlango ukafungwa. Shikilia. Basi likaondoka.

Fimbo ilitafuta ukingo wa barabara na haikuupata. Ilitafuta geti. Hapakuwa na sauti ya mlinzi, palikuwa na mngurumo wa mashine inayosaga mawe, mahali fulani mbele, au nyuma. Alibonyeza kidude. Hapakuwa na basi la kujibu. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kama wote tunavyofanya.

"Mama, unamtafuta nani?" aliuliza mtu aliyekuwa akisukuma toroli lenye gurudumu linalolia.

"Idara ya Maji ni upande gani?"

Toroli likasimama. "Maji? Hapa? Mama, hapa hata ya kunywa tunaletewa kwa gari." Akacheka, kisha akaona fimbo, akaacha kucheka. Alimtafutia jiwe la kukalia, akalipangusa kwa shati, akasema basi jingine litarudi mchana, akaenda na toroli lake kwa sababu alikuwa analipwa kwa kila toroli.

Bi Shikilia alitoa simu ya mkononi na kupiga ofisini ili wamtumie dereva. Iliita, ikaita, ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alikuwa anajua kwa moyo namba ya meza ya kila mtu katika jengo lile, kuanzia mkurugenzi hadi stoo, lakini ili kufika kwenye meza yoyote ilibidi kupitia kwa mpokea simu, na mpokea simu hakuwepo. Alikuwa amekaa juu ya jiwe machimboni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi alijua anayepiga Idara ya Maji anajisikiaje.

Ilibaki namba moja tu. Alikaa nayo muda mrefu, kidole kikiwa juu ya kitufe. Kisha akampigia mdogo wake.

Mhasibu alilifunga ghala, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata alipooa, akaja na gari. Hakugomba. Alimfuta vumbi mabegani, akamfungia mkanda wa kiti kana kwamba ni mtoto, akauliza, "Umeumia?"

"Sijaumia."

"Umekunywa maji?"

"Hapa hakuna maji."

Mhasibu akaendesha mpaka nyumbani. Kama angegomba, Bi Shikilia angekuwa na la kumjibu. Hakumpa hata hilo.

Siku iliyofuata alidai apelekwe karakana ya Shirika. "Nataka usikie kwa masikio yako kwamba sikupotea. Nilipotezwa." Mhasibu alimpeleka.

Fundi wa umeme wa karakana, ambaye wenzake walimwita Waya, hakuficha chochote. Kwa kweli alieleza kwa fahari. "Mama, namba saba moja ilikufa gia. Gari limelala pale, chini ya turubai. Sanduku lake lilikuwa zima kabisa, unaelewa? Na kumi na tisa haikuwa na sanduku, lile la kwake liliingia maji. Mkaguzi anakuja, na mkaguzi anataka kila basi liwe na sanduku linaloongea. Ningeliacha zima likae bure? Nikalihamisha."

"Mkaguzi alikuja?" aliuliza Bi Shikilia.

"Alikuja. Alibonyeza, likaongea. Akaweka tiki."

"Hakusikia linasema namba saba?"

Waya alifikiri. Ilionekana ni swali jipya kwake. "Yeye aliangalia kama linaongea, mama. Tena alisema lina sauti nzuri."

"Na madereva? Na abiria?"

"Ah, hao wamezoea. Wanaliita basi la mwehu. Sisi kila kitu hapa tunahamisha: betri, kioo, kiti. Kiti cha namba saba ukikifunga kwenye kumi na tisa, kinakaliwa tu."

"Basi libadilishe. Litie njia ya kumi na tisa."

"Hilo ndilo siwezi. Anayejua kufungua ndani alikuwa mtaalamu wa mradi, na mradi umeisha."

"Hakuacha maelezo?"

"Aliacha bango," alisema Waya, na kwa ukarimu akamwelekeza lilipo, kwa kidole.

Ndani ya gari Bi Shikilia alisema, "Umesikia? Si kosa langu."

"Nimesikia, Dada."

"Basi nadhiri ile haipo. Nilisema nikipotea. Sikupotea."

Mhasibu hakuwasha gari. Alikuwa mtu wa hesabu, na alipojibu alijibu polepole, kama anayetamani jibu litoke tofauti. "Kama ungekosea wewe, ningesema sawa, mara nyingine utakuwa mwangalifu. Lakini wewe hukukosea. Ulifanya kila kitu sawasawa, na ukaishia kwenye mawe. Sasa kama basi linaweza kukudanganya kwa sauti yako mwenyewe, mimi nikulinde na nani?"

"Nitarudi kuuliza watu. Kama zamani."

"Watu gani, Dada? Jana kituo kilikuwa kimejaa."

Jibu la swali hilo amelitafuta mara nyingi tangu siku ile, hajalipata. Kosa lingekuwa lake angelirekebisha. Lilikuwa la basi, la fundi, la mkaguzi, la mtaalamu aliyeondoka, na kila mmoja wao, ukimsikiliza, alikuwa amefanya kazi yake. Kosa lililogawanywa vizuri hivyo halina pa kushikwa.

Mhasibu aliitundika fimbo mwenyewe, kwenye msumari ulioko karibu na mlango wa sebule, kwa urefu wa mkono wa dada yake, ili akiihitaji humo ndani aipate. Msumari wa kwanza aliupinda, akauharibu ukuta, akapigilia mwingine. Idara ya Maji ilimpa Bi Shikilia mapumziko yasiyo na tarehe ya mwisho. Simu akapewa tarishi, ambaye hupokea kwa kusema, "Nani?" Wananchi wamezoea.

Mchele ulikuwepo kweli. Siku ya kwanza wifi yake alimletea ungo mapajani, akangoja utani. Haukuja. "Wifi," alisema, "nilikuwa natania ile siku."

"Najua. Mimi ndiye sikuwa natania."

"Basi nipe huo ungo, nitachambua mwenyewe."

"Hapana. Acha." Akaendelea kuchambua. Mawe aliyapata kwa vidole, moja moja, akiyaweka pembeni mwa ungo.

Baadaye Shirika likampigia simu nyumbani. Malalamiko yake ya kule karakanani yalikuwa yamefika juu, yamejadiliwa, na yamepatiwa ufumbuzi. Masanduku hayawezi kufunguliwa ndani, lakini imegundulika kwamba tangazo moja jipya linaweza kuongezwa mwishoni mwa yaliyopo. Ili sauti zisipishane, wanamwomba yeye aje alisome. Watamtumia gari.

Alikwenda. Chumba kilikuwa kilekile, isipokuwa godoro moja la ukutani lilikuwa limechukuliwa na mtu. Afisa, mwingine sasa, alimsomea maneno. Bi Shikilia aliomba asomewe tena, si kwa sababu hakusikia.

"Abiria mnaombwa kuhakikisha kwa macho namba iliyoandikwa kwenye kioo cha mbele kabla ya kupanda."

"Hili linasemwa na sanduku?" aliuliza.

"Ndiyo, mama."

"Sanduku linaloongea mtu akibonyeza kidude?"

"Ndilo hilohilo."

"Na kidude mlimpa nani?"

Karatasi iligeuzwa upande wa pili, ambako bila shaka hapakuwa na kitu. "Mama, mimi nimeletewa hivi," alisema afisa, na alisema kweli.

Wazee walisema mwenye macho haambiwi tazama. Inavyoelekea Shirika liliona pengo hapo: asiye na macho alikuwa bado hajaambiwa. Bi Shikilia angeweza kukataa. Alilifikiria. Lakini wangemtafuta mwingine, na huyo mwingine angelisoma vibaya, na ndani ya basi lilelile zingekuwepo sauti mbili, yake na ya mgeni, zikibishana. Akasogea karibu na kipaza sauti.

Alilisoma vizuri sana. Afisa alisema mara moja inatosha. Yeye akaomba kurudia, kwa sababu kwenye neno "macho" alihisi sauti imeshuka kidogo, na kazi ni kazi.

Siku hizi asubuhi husimama ndani ya geti, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine mfukoni, kilipo kidude. Mhasibu amekubali geti. Mabasi yakipita huyabonyeza, nayo humjibu moja baada ya jingine, kwa sauti ambayo bado ni ya mtu mwenye kazi. Wifi yake jikoni husikia, na siku akiwa na moyo wa utani hupaza: "Wifi, unaitwa huko nje!"

"Waambie niko kikaoni," hujibu Bi Shikilia.

Juzi alibonyeza na basi likasimama. Pengine dereva alikuwa mgeni, pengine alimwona mama amesimama akadhani anasafiri. Mlango ulifunguka mbele yake hasa, akasikia joto la watu waliomo ndani na mtoto anayelia.

"Namba saba," ilisema sauti. "Soko, Zahanati, Posta, Mahakama, Idara ya Maji. Karibu. Abiria mnaombwa kuhakikisha kwa macho namba iliyoandikwa kwenye kioo cha mbele kabla ya kupanda."

"Mama, unapanda?" aliita dereva.

Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo la geti. Hakumbuki kuupeleka huko. "Namba ngapi hii, baba?"

"Si imeshasema?"

"Nimeisikia. Nakuuliza wewe."

Nyuma ya basi mtu alipiga honi, na mwingine akafuata. Dereva alisema kitu, huenda ilikuwa namba, huenda ilikuwa kwa yule wa honi, lakini injini ilikuwa imeshapanda na maneno yakaenda nayo.

"Mlango unafungwa," ilisema sauti. "Shikilia."

Bi Shikilia alikuwa ameshikilia geti.